Mwongozo wa Ukoo wa Kumchelewesha Mgonjwa wa Akili

Mwongozo huu ni kwa ajili ya koo zenye heshima zao. Ukoo wenye heshima ni ule ambao haujawahi kupata kichaa. Umewahi kuwa na mjomba "mkimya kupita kiasi," bibi aliyekuwa "akipandisha" kila mwezi ukiandama, na binamu ambaye tunaambiwa yuko Afrika Kusini anatafuta maisha, ingawa waendao mnadani humwona stendi akiokota makopo. Lakini kichaa, hapana. Labda upande wa mama.

Kama ndivyo mlivyo, na sasa yuko kijana hapo nyumbani ameanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza, tulieni. Mkizifuata hatua hizi kwa moyo mmoja mtaweza kumzuia asifike hospitali kwa miezi mingi, na mkijaliwa, kwa miaka. Hazihitaji elimu yoyote. Nyingi mnazifanya tayari.

Vifaa vyenyewe vinapatikana. Kamba ya katani. Kuku wa rangi itakayotajwa. Maji, mafuta na chumvi, vyote vikiwa vimeombewa. Grupu la WhatsApp la ukoo, ambalo angalau mwanachama wake mmoja awe Marekani au Uingereza. Huyo ndiye atakayetuma hela na ndiye asiyejua linaloendelea. Mwisho, shangazi. Shangazi haazimwi, kila ukoo una wake.

Hatua ya kwanza: kila dalili ipewe jina lingine

Ugonjwa wa akili ukiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. Madaktari wanalijua hili vizuri: kadiri mtu anavyokaa muda mrefu na sauti zake na hofu zake bila tiba, ndivyo anavyozidi kuchelewa kurudi katika hali yake. Kwa hiyo miezi ya mwanzo ndiyo ya kuipoteza.

Binti ana wiki tatu hali vizuri, halali, hataki kuoga wala kupokea simu za rafiki zake? Mwiteni mvivu. Kijana anadai mtangazaji wa redio anamsema yeye? Ana karama, subirini ikomae. Mama aliyejifungua juzijuzi analia jikoni na hataki kumshika mtoto? Anadeka, na hapo asikosekane mtu wa kumkumbusha kwamba mama mkwe alizaa tisa na siku ya tatu alikuwa shambani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Habari hizo zisifike jikoni. Na huyo mama mkwe asiulizwe kama naye, katika wale tisa, hakuna hata mmoja aliyemzaa akalia.

Kwa wanaume kazi ni nyepesi, neno ni moja: kaza. Likishindikana, kuna jikaze kisabuni. Nalo likishindikana, mpelekeni baa. Pombe humlaza mtu saa moja na kumwamsha saa nane za usiku akiwa na huzuni aliyokwenda nayo pamoja na deni, lakini mtakuwa mmeonekana kumsaidia.

Hatua ya pili: sonona ni ugonjwa wa Wazungu

Hoja hii itumieni kila mahali, kwa sababu ina historia nzuri kuliko zote katika mwongozo huu. Mtu akianza kusema habari za sonona, mwambieni kwamba Mwafrika hana muda wa ugonjwa huo, Mwafrika ana ndugu, ana ngoma, ana jua. Mtakuwa mnazungumza kama wazalendo. Wachache sana watagundua kwamba maneno hayo mliyakopa kwa mkoloni.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi daktari mmoja, J. C. Carothers, hospitali ya Mathari mjini Nairobi. Hakuwa bingwa wa magonjwa ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida aliyejikuta amepewa wagonjwa wa akili. Alikaa hapo zaidi ya muongo mmoja, akahesabu waliolazwa, akaona wenye sonona ni haba. Basi akahitimisha kwamba sonona ni haba kwa Waafrika. Sababu aliitafuta ndani ya fuvu: aliona Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, akafika mahali pa kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika kilichapishwa mwaka 1953, na aliyekichapisha ni Shirika la Afya Duniani.

Jambo ambalo Carothers hakulitilia uzito ni namna watu walivyokuwa wakifika Mathari. Walikuwa wakiletwa. Aliyevunja vioo vya duka, aliyevua nguo barabarani, aliyemtukana bwana shauri, hao ndio waliobebwa na askari. Mwenye sonona havunji kioo cha mtu. Anakaa ukutani nyuma ya nyumba, anatazama chini, anapungua. Askari gani atatoka kituoni kwenda kumkamata mtu aliyekaa kimya?

Mwaka 1954, Vita vya Mau Mau vikiwa vimepamba moto, serikali ilimtaka mtaalamu huyohuyo aeleze Wakikuyu wamepatwa na nini. Watu walikuwa wakidai ardhi yao. Yeye akaandika ripoti nzima juu ya nafsi zao.

Upande wa pili wa bara, Margaret Field, mtafiti Mwingereza, alifanya jambo ambalo halikuhitaji nadharia ya ubongo. Huko Ghana alikwenda kuketi kwenye vilinge vya waganga vijijini na kusikiliza. Alikuta wanawake, wengi wao watu wazima, waliokuja wakijishitaki wenyewe: mimi ni mchawi, nimewaua wanangu, sifai kuishi, nimewaletea mkosi. Walikuwa hawali wala hawalali. Field, ambaye alikuwa pia daktari wa magonjwa ya akili, aliitambua sonona mara moja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Sonona ya Waafrika ilikuwepo muda wote, ila ilikuwa kwa mganga ikisubiri zamu.

Nchini Kenya kwenyewe, kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Haya yote myanyamazie. Endeleeni kusema ni ugonjwa wa Wazungu, kwa sauti ya mtu aliyepigania uhuru.

Hatua ya tatu: kikao

Ikifika siku ambayo kijana amevunja runinga kwa sababu ilikuwa inamtazama, jina lingine halitapatikana tena. Itisheni kikao cha ukoo. Mgonjwa asialikwe, ila aachwe chumba cha pili mahali ambapo anasikia kila neno. Kikao kizuri huenda hivi:

"Mimi nilisema tangu mwanzo," anafungua Baba Mkubwa. "Mtoto anasoma usiku kucha, kitabu juu ya kitabu. Kichwa kina kipimo chake."

"Kaka, hapana," anasema Shangazi. "Huyu amefaulu kidato cha sita, matokeo yametoka Julai, Agosti ameanza kuongea peke yake. Mtu akuchekee hivihivi? Kuna jicho hapo."

"Jicho la nani, wifi?" anauliza mama wa kijana, ambaye hajakaa tangu asubuhi.

Shangazi hajibu. Anaangalia upande wa nyumba ya jirani, halafu anaangalia dari.

"Ni bangi," anakata Mjomba. Mjomba mwenyewe ametoka kuivuta, lakini yake ni ya dawa ya macho.

"Mimi naona tungempeleka hospitali," anasema mdogo wake kijana, wa kidato cha pili.

"Wewe nani amekuita? Kawaletee wakubwa maji."

Zingatieni uzuri wa kikao hiki: kila mmoja ameona kitu cha kweli na hakuna aliyefika popote. Skizofrenia, ugonjwa ambao vijijini ndio hasa huitwa wazimu, mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini, na kwa wanaume huwahi zaidi. Huo ndio umri wa kidato cha sita, wa chuo, wa bodaboda ya kwanza, wa posa. Ndiyo maana kila wilaya ina hadithi ya kijana aliyesoma mpaka akachanganyikiwa na nyingine ya bwana harusi aliyerogwa wiki ya harusi. Ugonjwa ulikuja kwa ratiba yake, ukakuta mitihani na harusi viko njiani. Wale ambao hawakusoma kabisa huugua pia, ila hao hawatungiwi hadithi.

Bangi nayo ina sehemu yake: kwa baadhi ya watu, hasa wanaoianza wakiwa wadogo na kuivuta sana, huongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa aina hii. Lakini "kuongeza uwezekano" ni maneno yasiyofaa kikaoni. Kikaoni ama ni bangi tupu, ama ni jirani.

Kwa kila watu 300 duniani, karibu mmoja ana skizofrenia. Ukoo unaojaza mabasi mawili msibani na kuacha wengine barabarani hauko mbali na hesabu hiyo. Yasemeni haya baada ya mgeni kuondoka.

Hatua ya nne: mzunguko

Sasa anzeni kuzunguka. Mganga wa kwanza awe wa karibu, ashindwe. Wa pili awe Sumbawanga, Bagamoyo, Pemba au Kitui kutegemea mnaishi wapi, kwa kuwa dawa ya mbali ina nguvu na nauli yake ndiyo inayomaliza fedha ambazo zingenunua vidonge vya mwaka. Katikati yake wekeni mkesha wa maombi wa siku saba, au visomo, au vyote viwili. Majini hayana dini.

Nitoke kidogo kwenye kejeli hapa, kwa sababu wapo watu wazima waliowahi kushikwa mkono na shehe au mchungaji usiku mbaya na wakaona asubuhi kwa ajili hiyo. Hao viongozi wapo, na walio bora kati yao husema: tutamuombea, na kesho asubuhi naenda nanyi hospitali. Mwongozo huu unawahusu wale wengine, wanaosema akimeza kidonge imani imekwisha.

Wa aina hiyo wakijitokeza, muwalinde na historia. Kwa upande wa Waislamu, msitaje hospitali ya Sultani Qalawun, iliyofunguliwa Cairo mwaka 1284 ikiwa na sehemu ya wagonjwa wa akili, wala msitaje kwamba Abu Zayd al-Balkhi aliandika habari za tiba ya mwili na nafsi pamoja zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa upande wa Wakristo, msiwapitishe njia ya Korogwe. Wakipanda milima ya Usambara watafika Lutindi, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kutunza wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya ishirini, na hospitali ingalipo. Ni vigumu kushikilia kwamba hospitali ni ukosefu wa imani wakati walioijenga ni wenye imani.

Faida kubwa ya mzunguko ni kwamba katika vituo vyote hivyo hakuna atakayemtoboa kijana kidole. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke na kupigana na watu wasioonekana. Sukari ikishuka sana, hivyohivyo. Tezi la shingoni likiharibika, kaswende ikikomaa, virusi vya UKIMWI vikifika kwenye ubongo, vyote vinaweza kuja vikiwa na sura ya wazimu. Mhudumu wa zahanati huanza na vipimo hivyo kabla hajasema lolote. Hebu fikirini aibu ya kumaliza mbuzi wawili na kuku saba halafu ikaonekana ni malaria.

Na mwenye kifafa asisahauliwe. Akianguka, kimbieni. Semeni povu linaambukiza. Haliambukizi: kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na kidonge cha bei ndogo kama fenobabitoni kimewazuia wengi wasianguke motoni, jambo ambalo daktari Louise Jilek-Aall alilionesha kule Mahenge tangu miaka ya 1960. Lakini tangu lini ukoo ukasikiliza mambo ya Mahenge?

Hatua ya tano: kamba

Chumba cha nyuma, mguu mmoja, mlango wa bati. Sahani inasukumwa kwa fimbo. Wageni wakija mnaongeza sauti ya redio.

Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonesha kwamba watu wenye matatizo ya akili wanafungwa kamba, minyororo au kufungiwa katika nchi zipatazo 60. Kwa hiyo hamtakuwa peke yenu. Sababu ya kumfunga itakuwa usalama: kichaa ni hatari. Ukweli ni kwamba wengi wa wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtu, na wao ndio hupigwa, huibiwa na hubakwa zaidi. Nendeni stendi mkaangalie ni nani anayemrushia mwenzake mawe.

Hatua ya sita: ikitokea amefika hospitali

Ajali hutokea. Yule mdogo wake wa kidato cha pili anaweza kumwambia mwalimu, mwalimu akamwambia nesi. Msikate tamaa. Mtu kufika hospitali hakumaanishi ameponyoka.

Kwanza watisheni watu kwa jina la hospitali yenyewe. Mirembe ya Dodoma ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1927, na karibu karne nzima imetufaa kama tusi: umetoroka Mirembe? Wakenya wana Mathari yao, Wazanzibari wana Kidongo Chekundu, Waganda wana Butabika. Mtu aamini kwamba akishasema "sijisikii vizuri kichwani" atapakiwa kwenye gari la wagonjwa na kutupwa huko maisha. Asijue kwamba wengi wanaotibiwa hawalazwi popote. Wanaonana na mhudumu kwenye kliniki ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, wanapewa dawa na tarehe ya kurudi, wanapanda daladala wanarudi nyumbani kupika.

Kliniki yenyewe ina mambo yake. Benchi lake mara nyingi ni jirani na la meno au la macho, na utaona watu wazima wenye nguo safi wamekaa benchi la meno, mkono shavuni, wanauguza jino zima. Nesi akitoka na rundo la kadi na kuita jina kwa sauti ya chini, mmoja anainuka, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anapita upande wa pili kama mtu aliyesahau kitu. Pembeni kuna bibi kafungua pindo la kanga, katoa kadi iliyokunjwa mara nne mpaka imechanika kwenye mikunjo, anaisoma tarehe kwa kidole. Bibi hajifichi benchi la meno. Anamleta mjukuu wake kila mwezi kuchomwa sindano moja, na mjukuu kwa sasa anachoma matofali na kuuza. Watu kama huyu bibi wanaharibu kazi yetu.

Vidonge vikishatoka, kazi ya ukoo ndiyo inaanza. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona nafuu, na madhara madogo kama kichefuchefu au mdomo kukauka hutangulia. Kwa hiyo siku ya nne mulizeni kwa masikitiko: unaona hazifanyi kazi? Aziache. Zile za kuondoa sauti, kama haloperidoli, zinaweza kukaza shingo, kupindisha mdomo na kumfanya mtu atembee kama mbao. Hali hiyo inatisha kuiona, na daktari ana dawa ya kuituliza, au atapunguza dozi, au atabadilisha dawa yenyewe. Ninyi msirudi kwa daktari. Pigeni picha, tupieni kwenye grupu, andikeni: oneni wanavyomfanya mtoto wetu. Yule wa Marekani atatuma hela ya mganga kabla ya magharibi.

Akipata nafuu, mwambieni amepona, aache dawa. Ndiyo hatua yenye mafanikio makubwa kuliko zote. Ugonjwa ukirudi miezi michache baadaye mtapata mnachokitaka: ushahidi kwamba dawa za hospitali hazitibu. Sababu ya kumwachisha iwe kwamba dawa ukizizoea hutoki. Kuna dawa ambazo kweli mwili huzizoea, diazepamu ikiwa mojawapo, ndiyo maana haitolewi ovyo kwa muda mrefu. Dawa za sonona hazimfanyi mtu awe teja, ingawa huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Na somo hili la kutozoea dawa litolewe na Shangazi, asubuhi, akiwa anameza kidonge chake cha presha alichokianza kabla kijana hajazaliwa.

Akishapona kabisa asipewe kazi, asipewe mke, asiachiwe funguo. Akikasirika kwa jambo ambalo mtu yeyote angekasirikia, semeni limemrudia. Shirika la Afya Duniani linasema angalau mtu mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa. Kupona kwenyewe kupo. Kukubaliwa kwamba umepona kunataka sahihi ya ukoo, na sahihi hiyo msiitoe.

Hatua ya saba: kuongea

Wataalamu wa saikolojia wanalipwa kwa kukaa na kusikiliza. Hilo peke yake linatosha kuwafukuza. Kwa nini ulipie wakati Shangazi anasikiliza bure? Tofauti pekee ni kwamba ulichomwambia mtaalamu saa nne kinabaki mle chumbani, na ulichomwambia Shangazi saa nne kinakuwa Mwanza saa sita mchana, kikiwa kimeongezwa mimba.

Hapa kuna habari ya kuficha sana, kwa sababu inahusu bibi wa kawaida na inaweza kuwapa wengine mawazo. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alikuwa amempoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake haikuwa na nauli ya kumfikisha hospitali. Alianza na bibi 14 wa Mbare, mtaa wa Harare. Akawafundisha kusikiliza kwa utaratibu: mtu aeleze yote, kisha achague tatizo moja, alitafutie hatua ndogo ya wiki hii, arudi aseme imekwendaje. Walikaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili za sonona chache mno kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo wa benchi umeshafika Zanzibar. Kumbe tatizo halikuwa uzee wala kukosa digrii. Bibi hao walifundishwa kusikiliza bila kutoa hukumu, na wakafunga midomo.

Hatua ambayo sitaiandika kwa kejeli

Kuna imani moja ambayo ukoo mzima huishika: asemaye atajiua hajiui, anatafuta kuonewa huruma, na ukimuuliza utamtia wazo. Zaidi ya watu 700,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake, na wengi walikuwa wameonesha au wamesema kitu kwa mtu. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo. Wengi hupumua wakiulizwa, kwa sababu walikuwa wanatafuta pa kulisemea.

Wanaogopa kusema kwa sababu nyingi, na sheria ni mojawapo. Nchini Tanzania Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mtu anaweza kuponea chupuchupu akakuta askari kitandani. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Sioni Tanzania inasubiri nini.

Basi mtu wako akikuambia amechoka kuishi, usimpe mfano wa wenye shida kuliko yeye. Muulize anamaanisha nini, msikilize mpaka mwisho, usimwache peke yake, na dawa za shamba na vidonge vya nyumbani vifungiwe mbali naye. Kisha nendeni hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku. Dharura ni dharura. Kama hali haijafika huko, ulizeni dirisha la mapokezi la hospitali ya wilaya kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Nendeni wawili. Chukueni kila dawa ambayo mgonjwa amepewa, pamoja na zile za mganga, maana daktari anahitaji kuziona zote. Na mkifika, kaeni benchi lenyewe, mwacheni mwenye jino apate nafasi.